Kuvua sanifishi Minnesota mwaka mzima, kuanzia barafu ikiyeyuka mpaka barafu ikirudi

Ndugu zangu mlioko huku Minnesota, hasa nyie mliofika juzi juzi na kila siku mnapita pembeni ya ziwa mkienda kazini mnaishia kuangalia maji tu, hii nawaandikia nyie. Mimi nimekulia Mwanza, utotoni tulikuwa tunakaa juu ya mawe pale ziwani na mshipi umefungwa kwenye kijiti tunavua furu, na nilipofika huku nikajua mambo ya kuvua ndio basi tena, kwasababu kila niliyemwona ana boti la maelfu ya dola na mitambo ya kuangalia samaki chini. Kumbe sivyo. Kuna samaki huku mdogo, mpana kama sahani ya kikombe cha chai, yupo karibu kila ziwa na kila kidimbwi cha mtaani, hahitaji boti, msimu wake haufungwi mwaka mzima na mtoto wa miaka mitano anamvua vizuri tu. Jina lake sanifishi, wenyeji wakifupisha wanasema sani. Jimbo lina maziwa 11,842 ukihesabu yale ya ekari 10 kwenda juu, kwahiyo popote unapoishi huyu samaki hayuko mbali na mlango wako.

Umjue kwanza

Sanifishi ni ukoo, sio samaki mmoja. Utakayempata sana ni blugili, ana kijiulimi cheusi tii mwisho wa shavu kama sikio, na dume likikomaa kifua kinakuwa rangi ya chungwa iliyokolea au shaba. Mwingine ni yule ambaye Wamarekani wamempa jina la mbegu ya boga, huyo ncha ya kijiulimi chake ina doa jekundu na mashavuni kuna michirizi ya bluu inayopinda pinda, mimi kwa uzuri sijaona samaki wa maji baridi anayemfikia. Kisheria wote wanahesabiwa pamoja. Ila angalia usimchanganye na mtoto wa besi, samaki mwingine wa huku anayekua mkubwa zaidi, besi ana mwili mrefu na mdomo mkubwa unaofika mpaka chini ya jicho, huyo ana msimu wake na hesabu yake, mrudishe.

Kwa umbo utasema ni sato mchanga. Sio ndugu wa karibu lakini tabia moja wanafanana, na hiyo tabia ndio sababu kubwa ya mimi kuandika, nitaifikia tukifika mwezi wa sita.

Wengi utakaowapata ni inchi 5 au 6. Wa inchi 8 ni mkubwa, na wa inchi 9 utampigia mtu simu. Rekodi ya blugili ya Minnesota ni pauni 2 na aunsi 13, alitoka ziwa Alice kaunti ya Hubbard mwaka 1948, na ya dunia ni pauni 4 na aunsi 12, ziwa Ketona kule Alabama, mwaka 1950. Kwa huku kaskazini maji ni ya baridi sehemu kubwa ya mwaka, samaki anakua taratibu sana, wa inchi 8 ameshaishi miaka mingi, sita saba na zaidi. Kumbuka hilo ukimshika mkononi.

Leseni na hesabu, usiruke hapa

Ukiwa na miaka 16 kwenda juu unatakiwa uwe na leseni ya kuvua. Mtoto mkazi wa jimbo aliye chini ya miaka 16 hahitaji. Ukiwa umeishi Minnesota siku 60 mfululizo unakata ya mkazi ambayo ni nafuu zaidi, unakata mtandaoni kwa DNR, yaani Idara ya Maliasili ya jimbo, au dukani wanapouza chambo. Mwaka wa leseni unaanza tarehe 1 mwezi wa tatu unaisha mwisho wa mwezi wa pili, kwahiyo usije ukakata mwezi wa pili katikati ukadhani una mwaka mzima mbele yako, una wiki mbili tu.

Hesabu ya kawaida ya jimbo ni sanifishi 20 kwa mtu, lakini maziwa mengi yameshushwa mpaka 10 au hata 5, na kila mwaka yanaongezeka. Kabla hujatoka soma kitabu cha sheria cha mwaka huo na angalia bango pale unapoegesha gari. Halafu kuna kitu wageni wengi hawakijui, hiyo hesabu ni ya samaki ulionao, pamoja na walioko kwenye friza nyumbani. Ukiwa na 20 kwenye friza kesho huruhusiwi kubeba hata mmoja mpaka wale waliwe. Kiangazi ni mshipi mmoja kwa mtu, juu ya barafu ndio unaruhusiwa miwili.

Vifaa, na kosa langu la kwanza

Mwaka wangu wa kwanza nilienda kwenye gati moja la kuvulia Brooklyn Park, mji wa jirani na Minneapolis, nimetoka shifti ya usiku, nina ndoano niliyonunua kwa mazoea ya nyumbani, kubwa ya kumvutia sangara. Saa mbili nzima boya linatikisika, nikivuta hakuna kitu, mnyoo umeliwa wote umebaki chuma. Pembeni yangu mzee mmoja wa Kimarekani anatoa samaki mmoja baada ya mwingine na kuwarudisha. Mwisho akaniita, hakuongea sana, akashika samaki wake akamfungua mdomo kwa kucha akanionyesha. Ule mdomo haupitishi hata ncha ya kidole changu kidogo. Halafu akanipa ndoano tatu ndogo kutoka kwenye kiboksi chake. Dakika kumi baadae nilikuwa nimepata samaki wangu wa kwanza Marekani.

Kwahiyo ndoano iwe namba 8 au 10, yenye shingo ndefu ili uweze kuitoa, na kumbuka namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo. Mshipi wa pauni 4 unatosha kabisa, ukiwa mnene samaki anauona. Ufito uwe mwepesi unaopinda, futi 5 au 6, ile seti ya ufito na rili ya kukunjia mshipi, ya bei ya chini pale supamaketi inatosha miaka na miaka. Boya dogo, dogo kweli, mwisho kama kichwa cha kidole gumba. Na kipande kimoja au viwili vya uzito chini yake, ukipata vya bati chukua hivyo uache vya risasi, kwasababu yule ndege wa majini mweusi mwenye madoa meupe ambaye ndio ndege wa jimbo anameza vipande vya risasi na vinamuua.

Kufunga ndoano: pitisha mshipi kwenye tundu la ndoano, uzungushe kwenye mshipi wenyewe mara tano, rudisha ncha kwenye kitundu kilichobaki karibu na ndoano, lowanisha na mate halafu vuta taratibu. Bila mate mshipi unaungua kwa msuguano unakuwa dhaifu pale pale kwenye fundo. Boya liweke futi 2 au 3 juu ya ndoano kwa kuanzia. Uzito uongeze mpaka boya libaki linachungulia tu juu ya maji, maana likikaa juu sana samaki akivuta analisikia zito anaachia.

Chambo nyungunyungu. Usimweke mzima! Mkate kipande cha inchi moja, mvishe kwenye ndoano afunike chuma na umwachie kamkia kidogo kacheze. Funza weupe wanaouzwa kwenye vikopo nao wazuri sana, hasa baridi. Minyoo ikibaki weka kwenye takataka usimwage msituni, huku kihistoria nyungunyungu hawakuwepo, barafu ya kale iliwamaliza wote, na hawa walioletwa wanakula majani makavu yanayofunika udongo mpaka mimea michanga ya msituni inakosa pa kuota.

Kushika samaki: mgongoni ana miiba. Anza na kiganja kutoka kichwani ushuke nacho kuelekea mkiani, yale mapezi yanalala, halafu ndio unamkamata. Lowanisha mkono kwanza usimtoe utelezi wake. Ndoano ikiwa imeingia kooni usiing'ang'anie, kata mshipi karibu na mdomo umwache aende, ana nafasi kubwa ya kupona kuliko ukimchokonoa.

Barafu ikishatoka, mwezi wa nne na wa tano

Maeneo ya Minneapolis barafu inaondoka kwa kawaida katikati ya mwezi wa nne hivi. Maji bado ya kukata mifupa, na samaki anatafuta joto, ndio siri yote ya msimu huu. Nenda upande wa kaskazini wa ziwa kwasababu ndio unaopigwa na jua la kusini na umekingwa na upepo, tafuta vighuba vidogo vya maji mafupi futi 2 mpaka 5, vyenye tope jeusi chini maana jeusi linavuta joto. Mifereji inayounganisha maziwa mawili pia. Usiamke alfajiri, hakuna faida, nenda saa nane mchana mpaka jioni maji yakiwa yameshapata jua. Ukija asubuhi hamna kitu usihame, rudi mchana pale pale uone.

Chambo kiwe kidogo na usikitikise sana. Samaki wa maji ya baridi hakimbizi kitu, anasogea anaangalia anafikiria, ndio anafyonza. Boya halizami, linalala tu ubavu au linatembea pembeni polepole, hapo inua ufito. Siku za upepo wa kaskazini wanarudi kwenye maji marefu, we pumzika nyumbani.

Mwezi wa sita, hapa ndio naomba mnisikilize

Maji yakifika kama nyuzi joto 19 au 20, kwa hesabu zao ni 67 hivi, sanifishi wanaanza kuzaa. Kawaida ni mwisho wa mwezi wa tano na mwezi wote wa sita, na wanaweza kurudia tena kiangazi kikiendelea. Vaa miwani ya jua ile inayokata mng'ao, tembea ukingoni taratibu, angalia maji ya futi 1 mpaka 4 yenye mchanga au kokoto. Utaona duara nyeupe zimepangana kama sahani mezani, kumi, ishirini, hamsini. Hivyo ni viota. Katikati ya kila kiota kuna samaki mmoja anazunguka zunguka hatoki.

Huyo ni baba. Ndio tabia niliyosema inafanana na sato. Dume la sato nalo linachimba kiota, ila kwa sato mama ndio anabeba mayai mdomoni anaondoka nayo. Kwa sanifishi mama anataga anaondoka, baba ndio anabaki. Kiota amekichimba yeye kwa mkia, anapepea mayai kwa mapezi yasizibwe na tope, anafukuza kila anayekaribia, na yuko tayari kung'ata chochote kinachoangukia humo ndani. Mayai yanaanguliwa siku mbili tatu mpaka tano kutegemea joto, na hata vitoto vikitoka bado anavilinda siku kadhaa. Muda wote huo yeye mwenyewe hali chakula vizuri.

Sasa ukitupa chambo kwenye kiota atakikamata tu, hapo hakuna ufundi. Na ndio ubaya wenyewe. Mimi niliona kidimbwi kimoja karibu na kwangu mwaka wa pili, kimejaa viota, nikabeba ndoo. Nilichagua wale wakubwa wenye kifua cha shaba, inchi 8, inchi 9, jioni tatu mfululizo na kila siku nikiwa ndani ya hesabu ya sheria kwasababu tulikuwa tunawala siku ile ile na majirani. Hakuna kosa kisheria hata moja. Mwaka uliofuata nikarudi, samaki tele lakini wote vidole, inchi 4, inchi 5. Mwaka mwingine vile vile. Binti yangu akaniuliza baba wale wakubwa wako wapi, sikuwa na jibu la kumpa.

Baadae ndio nikaelewa inavyokwenda. Kwanza ukimtoa baba kiotani, dakika hiyo hiyo samaki wengine wanaingia wanakula mayai, nimeshuhudia kwa macho, wanakuja kama kuku waliomwagiwa mtama. Pili, na hili ni kubwa zaidi, wale madume wakubwa ndio wanaowafanya madume wadogo wasubiri. Dume mdogo akiona kuna wakubwa wamekamata viota vizuri anaendelea kula na kukua mpaka naye awe mkubwa. Ukiwaondoa wakubwa, wadogo wanaanza kuzaa wakiwa bado wadogo, nguvu yote inaenda kwenye kuzaa badala ya mwili, na hawakui tena. Ziwa linabaki na samaki wengi wadogo wadogo miaka na miaka. Ndio maana DNR miaka hii ya 2020 wameshusha hesabu kwenye maziwa mengi kwa ajili ya sanifishi peke yake.

Kwahiyo utaratibu wangu ndio huu. Mwezi wa sita vua, furahi, peleka watoto, huo ndio mwezi mzuri kuliko yote kwa mtoto kwasababu hatakaa dakika mbili bila samaki. Lakini usivulie juu ya kiota chenyewe, vulia pembeni kwenye maji ya futi 6 mpaka 8 ambapo kuna majike na madume wasio na viota. Dume mwenye kifua cha shaba ukimpata mrudishe hapo hapo ulipomtolea, haraka, usimpeleke upande wa pili wa gati. Wa kula chukua wa inchi 6 mpaka 7. Hao ndio wengi, nyama yao ni tamu, na kuwapunguza hakuliumizi ziwa. Nyumbani tumezoea mkubwa ndio mali, najua, na mtu akirudi na vidogo anaonekana hajui kuvua. Kwa huyu samaki lazima tubadilike.

Kiangazi, wa saba na wa nane

Maji yakichemka wale wadogo wanabaki chini ya magati na vivuli, watoto watawapata mchana kutwa. Wakubwa wanahamia kwenye ukingo wa majani ya majini pale yanapoishia kuelekea kina, futi 8 mpaka 15. Kwa mtu wa nchi kavu kama mimi tafuta gati refu linalofika huko, ziwa Nokomis lina gati zuri la kuvulia, na DNR wana mpango unaitwa Fishing in the Neighborhood ambao wanapandikiza blugili kwenye vidimbwi vya mtaani maeneo ya Minneapolis na St. Paul na kujenga magati, angalia orodha yao lazima kuna kimoja karibu na wewe. Kwenye tovuti yao pia kuna LakeFinder, unaandika jina la ziwa unapata ramani ya vina, samaki gani wamo na wa ukubwa gani, bure kabisa.

Boya la kawaida ni shida kulirusha ukitaka kina cha futi 12, nunua lile linaloteleza kwenye mshipi na kukwamia kwenye kifundo. Nenda alfajiri au saa moja jioni. Jioni ikiwa shwari utaona viduara vidogo juu ya maji, wanadonoa wadudu, hapo toa uzito wote tupa mnyoo mtupu uzame wenyewe polepole. Nakwambia hakuna raha kama hiyo.

Paka dawa ya mbu.

Vuli

Ni fupi na wengi wanaacha kuvua wakidhani msimu umeisha, wanakosea. Mwezi wa tisa maji yanapoa, majani mengi yanakufa yanakuwa ya kahawia, na samaki wanakusanyika pale yalipobaki ya kijani. Ukilipata hilo eneo la kijani umewapata wote. Mwezi wa kumi wanashuka kwenye maji marefu zaidi, kwa mtu wa gatini kazi inakuwa ngumu, ila siku yenye jua mchana jaribu. Vaa vizuri, ukidondoka kwenye maji ya mwezi wa kumi na moja sio mchezo, jaketi la kuelea livae hata ukiwa gatini na mtoto.

Barafu

Najua mtu wa Mwanza au Mombasa ukimwambia atembee juu ya ziwa anakuona umerukwa na akili. Mimi nilikaa miaka mitatu nikiwaangalia. Lakini sanifishi wa baridi ni mtamu kuliko wa wakati wowote, nyama imekaza haina harufu ya tope, na hiki ndio kipindi ambacho hatuna pa kwenda tunakaa ndani mpaka roho inachoka.

Usalama kwanza na hapa sibembelezi. Barafu mpya, ngumu, inayoonyesha chini kama kioo, iwe inchi 4 kwa mtu kutembea kwa miguu. Barafu nyeupe yenye theluji ndani yake nguvu ni nusu tu, kwahiyo iwe mara mbili ya hapo. Usiulize mtu, pima mwenyewe. Beba mtaimbo, gonga mbele yako kila hatua chache, ukipenya kwa pigo moja rudi ulikotoka kwa kufuata nyayo zako. Kila baada ya mita kadhaa toboa upime tena maana ziwa haligandi sawa sawa, penye mkondo, chini ya madaraja, penye chemchemi na kwenye midomo ya mito barafu ni nyembamba hata mwezi wa kwanza. Usiende peke yako. Vaa lile jaketi la kuelea, chini ya buti funga njumu za barafu, na shingoni ning'iniza zile pini mbili zenye ncha kali za kuchoma barafu na kujivutia ukizama.

Ukizama, geuka uelekee ulikotoka kwasababu huko barafu ilikubeba, choma pini kwenye barafu, piga miguu kama unaogelea mpaka mwili ulale bapa, jivute, na ukitoka usisimame, bingirika mpaka ufike penye unene. Wafundishe na watoto wako hata kama hawavui, wanacheza huko nje.

Kifaa kikubwa ni keekee ya barafu, ile ya kuzungusha kwa mkono ya inchi 6 inatosha sanifishi na ni nafuu. Ufito mfupi wa futi 2, mshipi wa pauni 2 au 3, na jigi ndogo kabisa, yaani ndoano yenye kichwa cha chuma kizito, ile ya ukubwa wa punje ya mchele iliyotengenezwa kwa tangsteni kwasababu ni ndogo lakini nzito inashuka haraka. Juu yake funza mweupe mmoja au wawili.

Mwanzo wa baridi, mwezi wa kumi na mbili barafu ikishafika unene salama, ndio wanakula vizuri kuliko wakati wote, na wako kwenye maji ya futi 6 mpaka 10 penye majani mabichi. Januari na Februari wanashuka mabondeni futi 15 mpaka 25 na mara nyingi hawakai chini kabisa, hewa ya chini inapungua, wanaelea futi kadhaa juu. Toboa matundu mengi, usikae kwenye tundu moja zaidi ya dakika kumi na tano kama hakuna kitu. Shusha mpaka jigi iguse chini, halafu pandisha futi moja, subiri, pandisha nyingine, subiri. Sanifishi anaangalia juu, chambo kikiwa juu yake anakifuata, kikiwa chini yake anakipita. Waliotoka kina cha futi 30 na zaidi macho yanatoka na tumbo linajaa hewa, hao ukiwarudisha wengi hawaponi, kwahiyo kama huna mpango wa kula acha kuvulia huko.

Sasa kuona amekula. Mwisho wa ufito funga kile kijispringi chepesi, ndio jicho lako. Siku moja Januari nimekaa na binti yangu kwenye kibanda cha turubai, yeye ndio aliniambia, baba kimeinuka. Mimi nilikuwa nasubiri kivutwe chini. Kumbe samaki amefyonza chambo anapanda nacho, uzito wa jigi umetoka na kispringi kimenyooka juu nusu ya upana wa kucha. Basi. Hiyo ndio dalili yenyewe, ukisubiri kivute chini ameshatema. Inua kiganja tu, usivute kwa nguvu.

Kama mna hita ndani ya kibanda acheni tundu la hewa wazi juu na chini, ile gesi inayotoka kwenye hita haina harufu na inaua watu.

Mwezi wa tatu wanarudi kwenye maji mafupi na wanakula kwa fujo, lakini barafu inaoza kuanzia ukingoni. Inaweza kuwa na inchi 15 ikawa haikubebi. Mimi nikishaona maji yametenganisha barafu na ufukwe nafunga vifaa, nasubiri gatini.

Jikoni

Samaki wakae kwenye barafu mpaka nyumbani, na usiwakate vipande ukiwa ziwani, askari wa wanyamapori akikusimamisha lazima aweze kuwatambua na kuwahesabu. Matumbo usiyatupe ziwani. Kuhusu zebaki, samaki wadogo kama hawa wanayo kidogo kuliko wale wakubwa wanaokula wenzao, lakini kuna maziwa kadhaa ya mjini yana kemikali za viwandani, kwahiyo angalia mwongozo wa Idara ya Afya ya jimbo kwa ziwa lako, hasa kama kuna mjamzito au mtoto mdogo nyumbani.

Wamarekani wanatoa mnofu pande mbili wanatupa kilichobaki. Kwa samaki wa inchi 7 hapo umetupa nusu ya chakula. Fanya kama nyumbani: para magamba kwa kijiko kuanzia mkiani, mpasue tumbo, toa matumbo na mashavu, kichwa kaa nacho ukipenda. Mchanje ubavuni mistari mitatu kila upande mpaka kisu kiguse mfupa, paka chumvi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga, mwache nusu saa. Mfute maji kabisa kwa taulo la karatasi, usipomfuta mafuta yatakurukia. Mafuta yawe mengi na ya moto kweli, ile michanjo inafanya vimiba vidogo vikauke visikusumbue. Dakika nne upande mmoja, geuza mara moja tu, tatu upande wa pili. Ugali, kachumbari, pilipili ya kuponda pembeni. Mkia mwache kwenye mafuta dakika moja zaidi mpaka ukauke uwe unavunjika, kwangu watoto wanagombania huo kabla hata sijaepua sufuria ya ugali.